Nani Leo Huenda kwa Mgema Alfajiri?

Majuma machache yaliyopita nilialikwa katika hoteli moja ya ufuoni, kaskazini mwa Mombasa, niwasomee wageni mashairi na kuwaeleza kidogo habari za tenzi zetu. Baada ya maneno yakafuata maakuli. Nilikalishwa meza moja na mzee wa Kifaransa na mkewe, watu wa adabu zao, na mara akaja kijana mhudumu na chupa nyembamba ya mvinyo wenye rangi ya dhahabu. Mimi nilikuwa nimeomba maji ya ndimu. Kijana akaniinamia akasema kwa sauti ya chini, "Yako yaja, mzee wangu. Nimeyakamua kwa mkono wangu." Nikamshukuru, moyo ukatulia.

Yule mzee hakunishurutisha kunywa, lakini alipenda sana nijue kile alichokuwa akinywa, kwani kilitoka kwao, karibu na mji wa Bordeaux. Mvinyo ule huitwa Sauternes. Hufanywa kwa zabibu nyeupe za aina mbili zilizochanganywa, Sémillon na Sauvignon Blanc, na ajabu yake ni kwamba zabibu hizo hazichumwi wakati zinapoiva. Huachwa mzabibuni hadi Oktoba, pengine hadi Novemba. Asubuhi ukungu wa mtoni huzilowesha zikaota kuvu, na mchana jua huzikausha. Kuvu hiyo huitoboa ngozi ya zabibu, maji yakatoka kidogo kidogo, sukari ikabaki ndani. Wachumaji hupita shambani mara kadhaa, kila mara wakichuma zile tu zilizokwisha kusinyaa. Akaniambia kuwa katika shamba moja mashuhuri la huko mzabibu mmoja hautoi zaidi ya bilauri moja kwa mwaka.

Kisha akanieleza vyakula vyake. Mvinyo ule mtamu wao hunywea ini la bata bukini aliyenoneshwa, au jibini ya Roquefort ya maziwa ya kondoo, yenye chumvi kali na mishipa ya kuvu ya buluu, au andazi la matunda. Kanuni yao ni kukutanisha utamu na chumvi, na utamu na mafuta, kimoja kikatize kingine kisikinaishe. Akanigeukia akauliza, "Na ninyi watu wa pwani, mnazi wenu mweupe mwaunywa na chakula gani?"

Nikamjibu kuwa sisi Waislamu hatunywi. Akaomba radhi, nami nikasema hakuna kosa, yakaisha. Lakini niliporudi nyumbani usiku ule nilijiona kuwa nimejibu nusu. Ulevi hatunywi, hilo ni kweli. Lakini kulikuwa na wakati ambapo kile kitokacho mnazini kilikuwa mezani petu kila juma, halali bin halali, na kila mama alijua kinakwenda na nini. Nusu hiyo ya jibu ndiyo ninayoiandika leo.

Katika Sura ya Nyuki, aya ya 67, iliyoteremka kabla ulevi haujaharimishwa, Mwenyezi Mungu ametaja kuwa katika matunda ya mitende na mizabibu watu hupata kileo, na hupata pia riziki njema. Mti ni mmoja na matokeo ni mawili. Mnazi haukutajwa hapo, lakini nani wa pwani asiyejua kuwa nao ni vivyo hivyo?

Mimi nilijifunza haya Takaungu, nyumbani kwa bibi yangu, nilipokuwa mtoto wa miaka tisa. Kila Alhamisi, ikisha sala ya alfajiri, bibi alinipa birika la bati na kunituma kwa mgema, mzee mmoja wa Kigiriama aliyekuwa na minazi yake nje ya mji. Vibuyu alivyogemea tembo letu vilikuwa vya bibi mwenyewe. Alivisugua kwa mchanga, akavimwagia maji ya moto, akavianika juani, kwani kibuyu kichafu hubakisha hamira ya jana, na tembo likiingia humo huanza kubadilika lingali juu mnazini.

Nilipenda kumtazama mzee yule akipanda. Alikanyaga vidato vilivyochongwa katika shina, kotama kiunoni, akapotea kwenye makuti. Huko juu ua la mnazi lingali limefungwa katika karara yake. Mgema hulifunga kwa kamba lisifunuke, akaliinamisha pole pole siku baada ya siku, kisha hukata ncha yake ukataji mwembamba kama ukucha, asubuhi na jioni. Palipokatwa hutona maji meupe ndani ya kibuyu. Maji hayo kwa asili yake ni matamu kwelikweli, kwani katika kila sehemu 100 kiasi cha 15 ni sukari. Ua likigemwa halizai nazi. Mwenye mnazi huchagua moja, nazi au tembo.

Akishuka alinimiminia, akaniambia maneno yale yale kila juma: "Nenda mbio, mwana chuoni. Hili lina saa zake."

Saa zenyewe ni hizi. Tembo likiwa bichi ni tamu. Hamira iliyomo hewani na vyomboni huingia ndani yake ikala sukari, na badala ya sukari ikaacha kileo na povu. Katika nchi ya joto kama yetu kazi hiyo huanza mara moja, na baada ya saa chache tu ladha imekwisha kugeuka. Likifika kesho yake ni kali, ndilo linalolevya. Likiachwa tena siku nyingi na hewa ikiingia, kileo nacho huliwa na vijidudu vingine, likawa siki. Basi ni kitu kimoja chenye majina matatu, na kilichobadilika ni wakati peke yake. Kwa bibi lile la asubuhi lilikuwa halina ngoja ngoja. Lilitiwa sufuriani likachemshwa papo hapo, povu likienguliwa, hata vikombe sita au saba vikabaki kimoja, kizito, chekundu, kinachonata. Hiyo ndiyo asali ya tembo. Moto umekwisha kuiua hamira, na sukari imekuwa nyingi hata haiwezi tena kuchachuka.

Alhamisi moja nilikosa. Njiani niliwakuta watoto wenzangu wakishindanisha vijingalawa vya magome kwenye hori. Nikaliweka birika chini ya mkwaju, nikasema nitatazama kidogo. Nilipokumbuka, jua lilikuwa utosini na kivuli cha mkwaju kimekwisha kuhama. Kifuniko cha birika kilikuwa kimeinuliwa na povu na harufu yake ilipanda puani. Kwa hofu nikaonja funda moja, nijue kama lingali tamu. Halikuwa. Nikasukutua kwa maji ya bahari, nikaliacha birika nyuma ya nyumba bila kusema neno, nikaenda chuoni.

Tuliketi kwa Maalim magoti kwa magoti. Nilipofungua kinywa kusoma, akanyamaza. Wenzangu walikwisha kusikia harufu wakaanza kuchekana. Nilingojea bakora. Maalim akaniuliza maswali matatu tu: lilikuwa la nani, lilinunuliwa kwa nia gani, na liko wapi sasa. Nikamjibu kweli yote. Akaondoka akanishika mkono, tukaenda hadi kwa bibi.

Bibi alizungumza naye nyuma ya pazia. Alipofahamu akalia, si kwa senti zake bali kwa aibu. "Maalim, nyumba hii haijapata kuingia kikali tangu nilipoolewa. Nitalimwaga sasa hivi." Maalim akamwambia asubiri. Akasema kwamba katika vitabu vya madhehebu yetu ya Shafi, kile kilichokamuliwa bila ya nia ya ulevi, kisha kikageuka chenyewe, hakiamriwi kumwagwa. Huachwa hadi Mungu akigeuze siki, na kikiisha kuwa siki kwa nafsi yake kimetoharika pamoja na chombo chake. Lakini kuna sharti. Kisitiwe kitu cha kukihimiza, si chumvi, si kitunguu, si mkate. Kikitiwa kitu kikageuka kwa sababu hiyo, kwetu sisi hakitoharuki. "Lako lilinunuliwa kwa asali," akamwambia. "Litie mtungini, funika kwa kitambaa kipitishacho hewa, na usiliguse."

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe uliyeshindwa kungoja saa moja, utangoja hili. Kila siku baada ya alasiri utakwenda mtungini unuse, usionje, kisha uje unieleze."

Ndiyo adhabu niliyopewa, na hakuna bakora iliyopata kunifunza kama hiyo. Siku za kwanza povu lilinguruma kama maji jikoni. Kisha likanyamaza, harufu ikawa kali ya kupanda kichwani. Kisha juu pakafanya utando mwembamba mweupe, na harufu ikaanza kuchoma kwa namna nyingine, uchachu safi. Majuma yakapita. Siku moja nilipomweleza, Maalim akaja na kipande cha mkate, akachovya kwa Bismillahi, akala wa kwanza, akampelekea bibi nyuma ya pazia. Akatuhadithia kwamba Mtume (S.A.W.) aliwahi kuomba kitoweo kwa ahali zake, akaambiwa hakuna ila siki, akaila huku akiisifu kuwa ni kitoweo bora.

Kesho yake somo letu chuoni likawa hilo. Maalim alitueleza kuwa Mtume (S.A.W.) alirowekewa zabibu kavu katika maji, akanywa siku ile, na ya pili, hata jioni ya tatu, na kilichobaki baada ya hapo hakukinywa tena. Maana yake utamu wa zabibu ni halali, ila umewekewa mpaka wa siku. Akatufundisha pia kuwa imekatazwa kuroweka zabibu na tende pamoja katika chombo kimoja, na wanavyuoni wakaeleza sababu yake, kwamba kimoja humharakishia mwenzake kuchachuka na mwenyewe asitambue. Nilipomsikia mzee wa Bordeaux akisifu zabibu zake mbili zilizochanganywa, nilimkumbuka Maalim, Mungu amrehemu. Yule aliitafuta saa ambayo huyu alikuwa akituonya nayo.

Sasa turudi kwenye swali la mezani. Utamu wetu twaula na nini?

Asali ya tembo bibi aliitia kwenye kaimati badala ya shira ya sukari. Shira ni tamu tu, lakini asali ile ina ladha ya moshi na uchungu kidogo mwishoni, ikayakata mafuta ya kaimati ulimi usichoke. Aliipaka juu ya mkate wa mofa ungali moto, kwani mtama wenyewe ni mkavu na mzito na wataka kitu cha kuulainisha. Mwezi wa Ramadhani aliichanganya na tui zito kwa viazi vitamu. Na alipokuwa na halua au asali, kahawa yake haikutiwa sukari hata chembe, tamu ikakutana na chungu. Hiyo nayo ni kanuni, na hatukuisoma kwa mtu wa Bordeaux.

Siki ilikuwa na kazi kubwa zaidi. Samaki wa mafuta, kama nguru, alirowekwa siki, kitunguu saumu na pilipili kabla ya kukaangwa. Kachumbari ya pilau ilipata siki ili samli ya pilau isilemee. Maembe mabichi, ndimu na pilipili vilitiwa siki na chumvi vikawa achari, na biriani bila achari ni karamu bila mwenyewe. Mapatano haya ya wali na uchachu si ya jana. Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331 aliandika kuwa huko Mogadishu alipewa wali uliopikwa kwa samli na vitoweo juu yake, na pembeni maziwa yaliyoganda, ndimu na pilipili za achari, na maembe machanga yaliyotiwa siki. Alieleza hata namna ya kula, tonge la wali kisha kidogo katika vile vya uchachu. Ukiketi leo kwenye arusi ya Lamu au Mombasa utafanya vilevile.

Wenzetu ng'ambo ya bahari nao wanajua. Huko Goa siki ya mnazi ndiyo roho ya mchuzi wao wa vindaloo, na Kerala tembo huumulia unga wa mikate yao laini iitwayo apamu. Kwetu pia vitumbua na mkate wa kumimina viliumuliwa kwa tembo katika nyumba nyingi. Bibi baada ya kisa changu aliacha, akanunua hamira. Hukumu ya mkate huo nawaachia mashekhe, mimi si mufti.

Baada ya chakula kile cha hotelini nilikwenda Takaungu. Mzee mgema amefariki zamani, lakini nilimkuta mjukuu wake, kijana wa makamo, akishuka mnazini kwa vidato vile vile. Nikamwamkia, nikamwuliza kama nitapata tembo tamu. Akanitazama kana kwamba nimeomba maziwa ya simba.

"Tamu, mzee? Hilo halina mnunuzi. Nagema jioni na asubuhi, nachanganya pamoja, wa kilabuni huja na pikipiki saa nne kulichukua."

Nikamwambia kuwa babu yake akimwuzia bibi yangu tamu kila Alhamisi. Akacheka kidogo, kisha akasema neno ambalo sijaweza kulisahau. "Nyinyi wa msikitini mwatuita sisi watu wa ulevi. Mzee, tembo likishuka halina ulevi. Huwa kali likingoja mtu wa kulinunua."

Sikuwa na jibu. Mimi mwenyewe siki yangu ni ya chupa ya dukani, na asali ya tembo sijaionja tangu bibi azikwe. Tumezoea kumlaumu mgema, na tuna methali yake mdomoni, kuwa akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini hatujiulizi ni nani aliyemwachia mgema mnunuzi mmoja tu. Ilipokuwa kila nyumba inatuma mtoto alfajiri na birika, sehemu ya minazi ile ilitoa asali na siki, na mgema alikuwa na senti za watu wa msikitini mfukoni. Tulipoacha kutuma watoto, minazi haikuacha kugemwa. Tembo lote likaenda kilabuni. Riziki njema iliyotajwa pamoja na kileo tumeiacha sisi wenyewe, kwa uvivu wa kuamka, kisha tukabaki kukilaani kilichosalia.

Nilipata kusoma kuwa India na Sri Lanka wagema wanaotaka tembo libaki tamu hupaka chokaa ndani ya chombo, nayo huizuia hamira isifanye kazi haraka. Chokaa haikosi kwetu, ni ile ile ya tambuu. Basi Alhamisi iliyofuata nilirudi na vibuyu viwili, nimevisugua kwa mchanga kama nilivyomwona bibi, na chokaa kidogo katika karatasi. Kijana akavipandisha jioni. Nililala kwa jamaa, nikasali alfajiri, nikaenda. Akashusha, nikaonja mbele yake. Lilikuwa tamu. Nikamlipa bei ya kilabuni na kuzidisha, akasema, "Ukija juma lijalo niambie mapema." Kisha nikaenda mbio, na miaka yangu hii, hadi jikoni kwa shangazi yangu, nikasimama hapo mpaka lilipochemka.

Asali ile haikutimia kikombe. Tuliila kwa mkate wa mofa, watu watano. Shangazi, aliyekuwa msichana siku zile za adhabu yangu, alilamba kidole akanyamaza, kisha akauliza siku ya Alhamisi nyingine ni tarehe ngapi.

Nami namalizia kwa ubeti mmoja, zawadi kwa wasomaji, na kwa yule mzee wa Bordeaux kama kuna wa kumfasiria:

Utamu una wakati, wa asubuhi mapema,
Ukichelewa hupati, ila kali la kuchoma,
Ungoje tena kwa dhati, siki itoke salama,
Kila saa na sharuti, mwenye kujua hupima.